Makala za Biblia zimenijaa kwenye laptop hadi nimehubiri kitu nilichokwisha kukifuta. Wenzangu mnazipangaje?

Mwinjilisti wa Hombolo (#1)

Bwana Yesu asifiwe wanajamvi. Kwa wasio wa huko, habari za jioni.

Tatizo langu ni la kompyuta lakini lilijitokeza madhabahuni, kwa hiyo mnivumilie nianzie mbali kidogo.

Mimi ni mwinjilisti wa mtaa huku Hombolo, na pembeni nina ekari moja kasoro ya zabibu. Kwa miaka kama sita nimekuwa nakusanya makala za kujifunzia Biblia. Nikienda mjini kwa kijana wangu Ipagala, ambako intaneti inaeleweka, nashusha PDF, nakopi kurasa za tovuti, napiga picha vitabu vya kuazima. Nikirudi navimimina vyote kwenye e-Sword, programu ya kusomea Biblia kwenye kompyuta. Kwenye simu natumia MySword, programu ya namna hiyo hiyo, maana laptop si kitu cha kubebwa kwenye bodaboda kila siku.

Sasa kilichotokea. Zamani nilisoma makala moja kuhusu Yohana 15:2. Mwandishi alisema neno la Kigiriki ambalo Biblia yetu inalitafsiri "huliondoa", yaani airō, lina maana pia ya kuinua. Kwa hiyo mkulima halikati tawi lisilozaa, bali analiinua kutoka mavumbini na kulifunga juu ya waya lipate jua. Nani asiyependa mahubiri ya namna hiyo? Niliipesti makala nzima mara tatu: kwenye notsi ya mstari wenyewe, kwenye mada niliyoiita Mzabibu, na kwenye orodha yangu ya maneno ya Kigiriki. Halafu nikaihamishia na kwenye simu. Nakala nne.

Baadaye nikasoma na wengine. Ni kweli neno hilo lina maana zote mbili. Hata kwenye Yohana 11:41 linatokea mara mbili ndani ya mstari mmoja: jiwe linaondolewa na macho yanainuliwa, kitenzi kile kile. Lakini ukishuka hadi 15:6 unakuta matawi yametupwa nje, yamenyauka, yanachomwa moto. Tawi lililofungwa juu ya waya kwa upendo haliishii jikoni. Nikaona hoja ya kuinua haisimami vizuri, nikairekebisha notsi ya mstari. Hiyo moja tu. Zile nyingine tatu hata sikuzikumbuka.

Mwezi uliopita, tukiwa kwenye mavuno, nikapanda madhabahuni na simu. Nikafungua Mzabibu. Nikahubiri kuinua, kwa moyo wote, nusu saa nzima. Tunatoka, mzee mmoja wa kanisa anayelima zabibu tangu sijazaliwa akanishika mkono mlangoni, hakuuachia. Akasema, "Mwinjilisti, tawi lisilozaa ukilifunga juu ya waya linaua mzabibu mzima. Na mwaka jana wewe mwenyewe ulitufundisha kwamba linaondolewa. Tushike lipi?"

Sikuwa na jibu. Nilijifanya naitwa.

Maswali yangu wakuu. Makala ndefu inayogusa mistari mingi inakaa wapi, kwenye mstari, kwenye mada, au nje ya programu kabisa? Na mnafanyaje ukibadilisha mawazo, yabadilike kote? Nina kama 600 na ushee humu, nimechoka.

Mgogo Asilia (#2)

Mbukwenyi! "Nilijifanya naitwa" 😂😂 Mwinjilisti umeniua.

Mimi sina cha kuchangia, nimeweka kigoda changu hapa pembeni nasubiri wajuvi. Ila mzee yuko sahihi, waulize wakulima.

Fundi wa Majengo (#3)

Mkuu usijisumbue. Tengeneza folda 66 kwenye laptop, zipe namba ili zijipange zenyewe: 01 Mwanzo mpaka 66 Ufunuo. Isaya 23, Zaburi 19, Yohana 43. Kila makala itupie kwenye kitabu chake. Ukitaka kitu, kwenye kisanduku cha kutafuta andika neno, enter, basi. Kupangapanga ni kazi ya enzi za makabati. Kompyuta inatafuta yenyewe.

Mwinjilisti wa Hombolo (#4)

Ahsante fundi. Sasa hii ya mzabibu inagusa Isaya 5, Zaburi 80 na Yohana 15. Niiweke folda ipi?

Fundi wa Majengo (#5)

Zote tatu. Kopi tu, makala hazili nafasi.

Dada wa Maktaba (#6)

Mwinjilisti, shikamoo. Fundi, wewe nakusalimia baadaye, maana umemwambia arudie kosa lile lile lililomleta hapa 🙂

Nafanya kazi kwenye maktaba ya chuo hapa Dodoma, na kabla ya kompyuta nilikuta bado tuna yale makabati ya droo ndogondogo za kadi. Wengi humu hamkuyaona. Kitabu kimoja kilikuwa kinakaa rafu moja tu, lakini kadi zake zilikuwa tatu au zaidi: ya jina la mwandishi, ya jina la kitabu, na za mada. Kadi zote zinakuelekeza rafu ile ile. Hakuna mkutubi aliyewahi kununua nakala tatu za kitabu eti kwa sababu kina mada tatu. Mwinjilisti, wewe kila ulipohitaji kadi ulikuwa unazalisha kitabu kizima.

Nikueleze ninavyofanya mwenyewe, maana nami nasoma Biblia, si kuhifadhi vitabu vya wengine tu.

Makala yenyewe, kama ilivyokuja, haiingii kwenye programu ya Biblia. Inakaa folda moja tu, folda moja kwa makala zote, na inapewa namba: M0001, M0002, kuendelea. Namba isiwe na maana yoyote. Usiweke J kwa Yohana wala A kwa Agano Jipya, kwa sababu mawazo yako kuhusu makala yatabadilika na namba haitabadilika. Jina la faili liwe namba, mwandishi, mwaka, neno moja la kukukumbusha. Basi.

Kinachoingia kwenye programu ni kadi. Kwenye e-Sword itengeneze upande wa notsi za mada, jina la mada liwe ile namba. Kadi haizidi kiganja. Mfano wa hiyo yako:

M0147
Mistari: Yn 15:2; 11:41; 15:6
Neno: airō, Strong G142 (namba yake kwenye kamusi ya Strong)
Mada: mzabibu, hukumu
Anasema: tawi lisilozaa linainuliwa, haliondolewi. Hoja yake kubwa ni maana ya neno.
Mimi: SIKUBALI. Neno linaruhusu, 15:6 hairuhusu.

Mstari wa mwisho ndio wenye thamani. Watu wanahifadhi makala miaka kumi na hawajaandika hata mara moja kama wanakubaliana nayo. Mimi natumia maneno matatu tu: nakubali, sikubali, sijaamua. Na tarehe.

Halafu kwenye notsi ya mstari, pale Yohana 15:2, unaandika mwelekeo wa mstari mmoja: "Kuinua au kuondoa? M0147." Wala usiandike hukumu yako pale. Hukumu inakaa kwenye kadi peke yake. Siku ukibadilisha mawazo unagusa kadi, na mielekeo yote, hata ikiwa ishirini, inakupeleka kwenye wazo jipya.

Kuna sababu nyingine ya kutopesti makala ndefu kwenye mstari. Notsi ya mstari inafunguka kila unapofika pale. Ukiweka kurasa 18, unakaribishwa na kurasa 18 hata siku uliyokuja kusoma mistari mitatu na mkeo kabla ya kulala.

Wanaoandika tasnifu waongeze Zotero, programu ya kupanga vyanzo. Ni ya bure, ilitoka mwaka 2006 pale George Mason University, Marekani, na inajua jambo hili la kadi: makala moja unaweza kuiweka kwenye makusanyo matano na bado ni faili moja. Wakikuhifadhia mtandaoni bure ni MB 300 tu, lakini ukiiacha ikae kwenye laptop yako hakuna kikomo. Kwa mwinjilisti wa mtaa si lazima.

Mwanafunzi Ng'ong'onha (#7)

Dada umemaliza. Mimi nigonge pale fundi aliposema "kompyuta inatafuta yenyewe".

Mkuu, programu hizi zilitengenezwa na watu wa lugha ambazo neno halibebi mzigo mbele. Kiswahili kinabeba. Ukitafuta "msamaha" kwa neno kamili, hupati kusamehe, hupati amesamehewa, hupati tusameheane. Unadhani huna notsi na kumbe unazo arobaini. Ninachofanya: naondoa alama ya neno kamili, natafuta shina. Andika "sameh" upate vitenzi vyote, kisha "samah" upate msamaha. Mara mbili. "Pend" inakuletea upendo, mpendwa na apendaye, ila mpenzi anabaki nje, na Wimbo Ulio Bora una wapenzi wengi tu.

Na usije ukatafuta "oko" ukitegemea okoa, wokovu na mwokozi. Utaletewa, lakini pamoja na soko na mkokoteni.

Halafu makala zenyewe nyingi ni za Kiingereza, notsi zako za Kiswahili. Neno moja halitapata vyote. Ndiyo maana ile sehemu ya "Mada" kwenye kadi ya dada ni muhimu: uwe na orodha fupi ya mada kwa Kiswahili, imebandikwa hata ukutani, na usitoke nje yake. Umeamua "wokovu", basi usiandike leo "ukombozi" na kesho "kuokoka". Mimi orodha yangu ina mada 70, na nilianza na 200.

Picha za vitabu za kwenye simu nazo programu ya Biblia haizitafuti. Ni picha. Kwa programu hiyo ukurasa wa Kalvini na picha ya mbuzi ni kitu kimoja. Andika kadi kwa mkono.

Fundi wa Majengo (#8)

Nimejaribu "sameh" kwenye simu sasa hivi. Duh. Nafuta kauli.

Folda 66 bado nazitetea lakini.

Katekista Mstaafu (#9)

Tumsifu Yesu Kristo.

Fundi, wanangu, folda 66 ni zenu. Mimi nina vitabu 73. Kwa mpangilio wa Biblia yangu, baada ya Nehemia kuna Tobiti na Yudithi, baada ya Esta kuna Makabayo wawili, na kabla ya Isaya kuna Hekima na Yoshua bin Sira. Hivyo Isaya wangu ni wa 29, na namba 23 kwangu ni Zaburi. Kijana wa Kipentekoste jirani yangu alinipa flashi yenye folda zake za namba, nikachanganya na zangu, nikapata kitoweo. Tumieni vifupisho vya majina: Isa, Zab, Yn. Jina halihami.

Lakini nilichotaka kusema hasa ni namba za aya, maana hapo hata ninyi wa 66 mnaanguka.

Chukua ile zaburi ya toba, "Uniumbie moyo safi". Kwenye Union Version, Biblia ya Kiswahili ya Waprotestanti, ni Zaburi 51 mstari wa 10. Msomi anayefuata Kiebrania ataandika 51:12, kwa sababu Kiebrania kinahesabu kile kichwa cha juu cha Daudi na Nathani kuwa mistari miwili. Na vitabu vya zamani vya sala za kwetu, vilivyofuata Kilatini, vinaiita Zaburi 50. Mistari ni ile ile, anwani tatu. Yoeli 2:28, Roho kumwagwa juu ya wote wenye mwili, kwa Waebrania ni 3:1. Malaki 4:5, kuja kwa Eliya, kwao ni 3:23, maana Malaki wao ana sura tatu tu.

Sasa programu haijui maana, inajua anwani. Nilikopi kwa uaminifu notsi za mwalimu mmoja wa zaburi, nikaziweka palepale alipoandika. Mwaka mzima maelezo ya moyo safi yalikuwa yamekaa juu ya mstari usiohusika, nami nikiyasoma na kutikisa kichwa kama naelewa.

Siku hizi anwani ninayoifuata ni moja tu, ya Biblia ninayoisoma mbele ya waamini. Namba ya msomi naiandika kwenye kadi pembeni: "kwake ni 51:12".

Dada wa Maktaba (#10)

Milele na milele, amina. Babu katekista, hilo la anwani naliongeza kwenye kadi zangu leo hii. Sikuwahi kulifikiria, na najiita mkutubi.

Mchungaji wa Kizota (#11)

Naona uzi umechangamka. Niwape tahadhari ya mtu aliyezeeka na programu hizi.

Waliosoma lugha za Biblia miaka ya nyuma wanaikumbuka BibleWorks. Ilikuwa programu nzito ya Kigiriki na Kiebrania, watu wanajinyima ili kuinunua. Juni 2018 kampuni ilifunga shughuli. Waliokuwa nayo waliendelea kuitumia kwenye kompyuta zao, lakini programu isiyo na mwenyewe ni kama nyumba isiyokaliwa: kila Windows mpya inapokuja unaomba isibomoke. Sisemi hizi zenu zitafungwa. Nasema mawazo yako yasiishi mahali pamoja ambapo si pako.

Mimi natumia Logos kwa sababu washirika walinichangia. Ina kitu kizuri: andika notsi zako kwenye faili la Word, ile ya docx, inakugeuzia kuwa kitabu ndani ya maktaba yako. Kwa hiyo asili inabaki kwangu, kwenye Word, na programu inapata nakala ya kusomea. Nikikosea narekebisha kwenye Word na kukijenga kitabu upya. Wasio na uwezo, theWord ni ya bure, inakubali utengeneze kitabu chako au ufafanuzi wako, na inakaa nzima kwenye flashi, unachomeka kompyuta yoyote ya Windows. Kwenye simu za Android, AndBible nayo ni ya bure: mstari mmoja unaubandika lebo kadhaa, na kila lebo ina daftari lake la kuandikia.

Tahadhari ya vifupisho. Kwenye laptop yangu nikiandika "Kum 6:4" au "Mdo 2" hakigeuki kiungo cha kubofya, mashine inasubiri cha Kiingereza. Nimekubali yaishe: kwenye mielekeo naandika cha Kiingereza, kwenye kadi naandika cha kwetu. Na angalieni sana Amu na Amo. Herufi moja, unatoka kwa Gideoni unaingia kwa mchunga kondoo wa Tekoa.

Mwisho: makala za watu ni mali za watu. Kuhifadhi ya kusoma mwenyewe ni jambo moja, kuzigeuza moduli, yaani vitabu vya kufunguka ndani ya programu, na kuzigawa kwenye magrupu ya WhatsApp ni jambo jingine. Nimeona watumishi wanagawa ufafanuzi wa kulipia kama peremende.

Mwanafunzi Ng'ong'onha (#12)

Mchungaji nakazia. Mwaka wa kwanza laptop yangu ilikuwa na betri iliyokufa, inaishi kwa waya tu. Umeme ukakatika katikati ya kuandika, faili la notsi likagoma kufunguka. Notsi za muhula mzima.

Kilichoniokoa: mafaili ya e-Sword na MySword kwa ndani ni hifadhidata za SQLite, yaani majedwali ya data ndani ya faili moja. Kuna programu ya bure, DB Browser for SQLite, inayafungua hata bila programu ya Biblia. Langu lilikuwa limeharibika kweli, nikatumia amri ya sqlite3 inayoitwa .recover, ikakusanya mabaki. Nikapata karibu yote, yamechanganyika na alama za ajabu za umbizo, wiki mbili za kusafisha. Kwa hiyo kabla ya kufungua chochote, kopi faili kwanza, ufanyie upasuaji kwenye nakala.

Sasa hivi kila Jumamosi nakopi folda yote kwenye flashi, na flashi haikai kwenye begi la laptop. Mwizi hachambui.

Mgogo Asilia (#13)

Nimeinuka kigodani. Naomba kuuliza swali la kijinga.

Bibi yangu Mpwapwa hajui kusoma lakini anajua Biblia ya Chigogo kwa masikio. Akisikia mahubiri ya Kiswahili anasema, "Kwetu neno hilo si hilo," halafu anakueleza tofauti kwa dakika kumi. Nina sauti zake kwenye simu, kama thelathini. Nazo ni makala? Zinapewa M?

Dada wa Maktaba (#14)

Si swali la kijinga hata kidogo, na usichelewe. Kila chanzo kina namba. Mpe M, andika bibi, mahali, tarehe, lugha, dakika ya ngapi anasema nini. Kadi ni ile ile. Na sauti zitoe kwenye simu leo, weka na kwenye flashi. Makala ikipotea utaitafuta tena mtandaoni. Bibi hayuko mtandaoni.

Mgogo Asilia (#15)

Nimezitoa. Flashi ya kwanza fundi wa Majengo amenipiga elfu kumi na tano 😒

Fundi wa Majengo (#16)

Ni GB 32 original mkuu, usinichafulie jina.

Mwinjilisti wa Hombolo (#17)

Wanajamvi, nimerudi. Wiki tatu zimepita, zabibu zimekwisha kuuzwa, nimepata jioni za kukaa na laptop.

Nianze na aibu. Zile 600 na ushee, nilipozimwaga zote folda moja, mapacha yakaanza kuonekana. Kuna makala moja ya Warumi 7 nilikuwa nayo mara tisa. Tisa! Majina tofauti, moja inaitwa "nzuri sana", nyingine "nzuri sana 2". Nilipomaliza kuondoa mapacha zimebaki 388. Na katika hizo, nikiwa mkweli mbele za Mungu, nilizozisoma hadi mwisho hazifiki 150.

Nilijaribu kuandika kadi kwa zote. Siku ya kwanza niliandika 31, macho yakauma. Siku ya pili 12. Siku ya tatu sikuandika. Mke wangu akaniuliza, "Hizi ambazo hujazisoma unaziandikia kadi ya nini?" Nikaona kweli, kadi yenye nafasi ya "Anasema" na "Mimi" huwezi kuijaza kwa makala ambayo hujaisoma, labda udanganye. Kwa hiyo ambazo sijasoma zina namba tu, zinasubiri kwenye folda. Kadi naandika siku nikisoma. Nimefika kadi 64.

Dada, lile la kutoandika hukumu kwenye mstari nilidhani unatia chumvi. Juzi nimebadilisha mawazo kuhusu mtini uliolaaniwa kwenye Marko 11, nimegusa kadi moja, nikaenda kwenye mstari kwa laptop nikaona mwelekeo unanipeleka palepale palipo sahihi. Kwenye simu, nimefuta notsi zote za zamani bila huruma. Kila Ijumaa nahamisha kadi za Jumapili hiyo peke yake. Nikirudi sirekebishi kitu kwenye simu. Simu ni ya kusomea tu.

Mwanafunzi, orodha yangu ya mada ilianza na 112 nimeishusha hadi 58. "Mapepo" na "pepo wachafu" ndizo zilizonisumbua, zimekuwa kitu kimoja. Katekista, nimekagua zaburi zangu kwa Biblia ya mkononi, nimekuta nne zilizohama.

Lililobaki: kwenye Yohana 15:2 na 15:3 nimegundua jambo ambalo makala zote za kuinua zililiruka. Neno la "hulisafisha" na neno la "safi" kwenye mstari wa 3 ni mzizi mmoja kwa Kigiriki. Shambani tunasema kupogolea, na huenda ndicho mkulima wa zamani alichosikia. Lakini wafasiri wetu wangeandika kupogolea, uhusiano na mstari wa 3 ungepotea. Nimekuwa nikiwalaumu kwa neno hilo miaka yote. Kadi M0389, na ni ya kwangu mwenyewe, sikuikopi kokote.

Mgogo Asilia (#18)

Na mzee wa mlangoni je? Ulimjibu?

Mwinjilisti wa Hombolo (#19)

Nilimfuata kwake nikamwambia ukweli, kwamba nilisoma notsi ya zamani. Akacheka. Nikamwambia pia kwamba nimemwandikia kadi, kama bibi wa Mpwapwa: M0390, mzee wa kanisa, mlangoni, baada ya ibada. Akataka kuiona. Nikamfungulia laptop pale pale kwenye mkeka, akavaa miwani, akasoma taratibu.

Akasema nimekosea. Hakusema tawi linaua mzabibu mzima. Alisema linakunywa maji ya wenzake.

Nimerekebisha. Mahali pamoja tu.